Pazia Lenye Mlango wa Mita

Kama kuna mtu ambaye hakuwa na ugomvi na Ghala, basi ni Bi Vidole, maana alikuwa haendi. Huwezi kugombana na nyumba usiyoingia. Ghala ndilo jina watu walilolibandika lile duka kubwa la bei za kutupa, lililojengwa barabara kuu palipokuwa na karakana ya malori. Juu bati jekundu, mbele vioo, na ndani vitu vimerundikwa kutoka sakafuni hadi darini, sahani juu ya ndoo, ndoo juu ya viti, viti juu ya sijui nini. Kila Jumamosi mji mzima ulihamia huko. Bi Vidole, kwa miaka saba, alikuwa ameingia mara mbili tu. Mara ya kwanza mvua ndiyo iliyomwingiza. Mara ya pili alimsindikiza wifi yake kununua ndoo, na mkono wa ndoo ukang'oka kabla hawajafika nyumbani, wifi akabaki ameshika waya huku ndoo inabiringika mtaroni. Bi Vidole alicheka mpaka akakaa chini, na wifi akamnunia wiki nzima.

Yeye alinunua kwa watu. Sabuni alinunua kwa mwenye duka la kona, kipande kimoja kimoja, kwa sababu kikiisha anapata sababu ya kwenda kusalimia. Nyanya alinunua kwa mama mmoja wa kibandani aliyejua kabisa kwamba mteja huyu hataki nyanya laini, na kwamba akithubutu kumchanganyia ataambiwa mbele za watu. Uzi, vifungo na vitambaa alinunua kwa Mama Majora, ambaye duka lake lilikuwa jembamba kiasi kwamba wakiingia wateja wawili wanene, mmoja lazima atoke kinyumenyume. Na kila kitu alikishika kwanza. Ndiyo maana akaitwa Bi Vidole. Alikuwa ameshona nguo miaka thelathini na minne katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani dirishani, na vidole vyake vilikijua kitambaa kabla macho hayajasema kitu. Kitakachochuja alikijua, kitakachoruka kikifuliwa alikijua, na nailoni iliyouzwa kwa jina la pamba ndiyo kabisa. "Chema chajiuza," alikuwa akisema kila anapoliona bango la Ghala, "kibaya chajitembeza." Na bango lenyewe lilikuwa linatembea kweli, maana lilifungwa ubavuni mwa gari la matangazo lenye spika nne.

Sasa huyu Bi Vidole alikuwa na kitinda mimba wake, binti wa miaka thelathini na mmoja, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nyumbani walimwita Kitinda, na jina likamng'ang'ania hata alipoota akili zake mwenyewe. Kitinda alikuwa amehamia flati ghorofa ya pili, ya kwake mwenyewe, mara ya kwanza maishani mwake. Mama alipokwenda kuiona akakuta dirisha la sebuleni limezibwa kwa shuka la kitanda lililopigwa misumari. Na dirisha lenyewe, loo! Fundi aliyelijenga sijui alikuwa amesinzia au alikuwa na kisasi na mwenye nyumba. Upande wa kushoto lilishuka kuliko wa kulia kwa vidole vinne vizima. Halafu, palepale pazia linapotakiwa kuangukia, upande wa kulia, wakapigilia mita ya umeme, ile ya kubonyeza namba. Kila umeme ukiisha, Kitinda alilazimika kuingia chini ya shuka kama mtu anayejifukiza homa.

Kitinda alipoingia jikoni, mama alisimama akalipima dirisha kwa viganja, kushoto, kulia, juu, kisha mita, upana wake na urefu wake, akaviweka vipimo kichwani akarudi kukaa. Wiki tatu zilizofuata alishona pazia kila alipomaliza kazi za wateja. Alinunua kwa Mama Majora kitambaa cha buluu chenye majani meupe, rangi ambayo Kitinda aliipenda tangu yuko shule. Upande wa kushoto akauacha mrefu kwa vidole vinne. Upande wa kulia akakata kidirisha sawasawa na mita, akakipiga pindo pande zote, akakitia kifuniko cha kitambaa kilekile chenye kifungo kimoja, ili mtoto akitaka kubonyeza namba zake afungue kifungo tu, abonyeze, afunge. Alipomaliza kile kimlango alikifungua akakifunga, akakifungua tena, akacheka peke yake mle chumbani. Alipanga kulipeleka Jumapili, bila kusema.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. "Mama, uko wapi? Njoo Ghala sasa hivi. Kuna mapazia, yanakwisha! Nakuhitaji, Mama, fanya haraka." Ikakatika.

Nakuhitaji. Neno hilo lilimwingia Bi Vidole mpaka kwenye mifupa. Mtoto anataka kununua pazia, ameogopa kudanganywa, amekumbuka kwamba ana mama anayejua kitambaa! Alimwomba radhi mteja aliyekuwa amekuja kujaribu sketi, akaliweka lile pazia kwenye mkoba, futi ya kupimia ikabaki shingoni kama ilivyokuwa, akafunga mlango akatoka. Jumapili ya nini? Angempa leo leo, palepale mbele ya hayo matakataka ya Ghala, yalinganishwe, na kila mtu aone.

Mlangoni mwa Ghala mikoba haiingii. Inaachwa kwenye kaunta ya mizigo, unapewa kibati chenye namba. Bi Vidole akaacha mkoba, lakini pazia akalitoa akalikumbatia kwapani. Ndiyo desturi ya mafundi. Mtu anatafuta rangi bila kipande mkononi? Kwa Mama Majora unaingia na kipande chako, unakilaza juu ya majora, unakivuta mlangoni kwenye mwanga, unakubali au unakataa. Hakuna aliyewahi kumuuliza fundi kitambaa kilicho kwapani mwake kimetoka wapi. Na yule dada wa mizigo wakati ule alikuwa anabishana na mtu asiyetaka kuacha kofia yake ya pikipiki, hakuona kitu. Bi Vidole akapita.

Alimkuta Kitinda ubavuni mwa lundo la mapazia, watu wanavutana kama wanagombea maji. Na Bi Vidole alipotupa jicho kwenye lundo, moyo ulimruka: buluu, majani meupe! Chapa ileile. Akashika pindo la moja lao, akalisugua kati ya vidole viwili, akakunja uso. Nailoni tupu, nyepesi, ukipiga chafya inapeperuka. Akafungua mdomo aseme.

"Afadhali umefika, Mama!" Kitinda hata hakumtazama vizuri. Akamrundikia mapazia mikononi. "Mtu mmoja jozi mbili tu, hawaruhusu zaidi, na mimi nina madirisha manne. Shika hizi mbili, nenda foleni ile, mimi napanga hii. Na pesa hii hapa."

"Kwani hukuniita nikutazamie kitambaa?"

"Kitambaa gani tena, Mama? Yameshashonwa haya. Haraka, foleni inajaa!"

Ndivyo alivyohitajika. Kichwa! Ameitwa awe kichwa cha pili, kama vile watu wanavyokodi watoto wa jirani wakati wa mgao wa sukari. Miaka thelathini na minne ya kushona, hiki ndicho alichofaa. Bi Vidole alikwenda foleni kwa sababu miguu yake ilikwenda, na pazia lake likabaki kwapani, chini ya zile jozi mbili za nailoni. Angeweza kusema. Lakini mtu mwenye fundo moyoni hatoi zawadi. Akajiambia atasema wakitoka nje.

Zamu yake ikafika. Dada wa mashine akavuta jozi ya kwanza, akaipitisha, mashine ikalia. Jozi ya pili, ikalia. Kisha akavuta lile la tatu kutoka kwapani mwa Bi Vidole, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mama, hili halina lebo."

"Halina kwa sababu ni langu, dada."

"Ndiyo, lako, lakini lazima lipite."

"Nasema ni langu la nyumbani. Nimelishona mwenyewe."

Yule dada akatazama lundo kule nyuma, buluu na majani meupe. Akatazama pazia mkononi, buluu na majani meupe. Akabonyeza kengele.

Akaja mlinzi, mtu mzima mwenye masharubu ya mvi, akalitandaza pazia juu ya kaunta mbele ya foleni nzima. Mikono yake ikafika kwenye kile kimlango cha mita. Akaingiza vidole, vikatokea upande wa pili.

"Hapa," akasema kwa sauti ya kusikika, "hapa ndipo palipokuwa na lebo. Amekata lebo na kitambaa chake."

Basi! Mnajua watu walivyo. Foleni iliyokuwa imenuna kwa uchovu ghafla ikachangamka. "Watu wazima nao!" akasema mmoja. "Na umri wote ule," mwingine akasonya. Mwanamke mmoja akausogeza mkoba wake wa pesa upande wa pili, mbali na Bi Vidole. Bwana mmoja akainua simu yake juu kupiga picha, akamwambia mwenzake asogee kidogo anaziba.

"Umekuja na nani?" mlinzi akauliza.

Bi Vidole alinyoosha kidole, foleni ya pili.

"Dada!" mlinzi akaita. "Wewe mwenye blauzi ya kijani. Huyu mama unamfahamu? Pazia hili ni lake?"

Watu wote wakageuka. Kitinda akalitazama pazia lililotandazwa, akalitazama lundo, akamtazama bwana mwenye simu. Kisha akageuka. Hakumgeukia mlinzi. Alimgeukia mama yake, akamsogelea, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia.

"Mama... umelichukua? Ulidhani ni jozi tatu?" Na kabla hajajibiwa, akamgeukia dada wa mashine. "Basi, liongeze kwenye yangu. Nitalilipia mimi. Tuyamalize."

Tuyamalize! Hebu nisaidieni. Hili ni jambo la kumalizwa? Mnajua mafundi wanavyosemwa, kwamba ukimpelekea fundi kitambaa cha gauni, shangazi yake atapata kitambaa cha kichwa. Bi Vidole hakuwahi kubakiza hata kipande cha kutosha kutia kiraka cha kiwiko. Nguo ikitoka kwake, inatoka na vipande vyake vimefungwa kwa uzi kifurushi kidogo, mwenyewe akatupe akitaka. Kwa ajili ya hilo watu walivuka mitaa mitatu kumfuata. Hana shamba, hana nyumba ya kupangisha. Jina hilo ndilo alilokuwa nalo. Na leo mtoto wa tumbo lake, aliyelala kifudifudi juu ya mabaki ya vitambaa chini ya cherehani ile akiwa mchanga, anatoa pesa mbele ya watu kuulipia wizi wake!

"Asilipe mtu!" Sauti iliyotoka hata yeye mwenyewe hakuijua. Mpaka kule kwenye ndoo watu wakageuza shingo. "Akilipa mtu hapa, nimeiba. Rudisha pesa yako mfukoni, wewe! Na nyinyi niitieni mkubwa wenu."

Mkubwa akaja, tai shingoni, viatu vinalia. Akatabasamu kwanza. "Mama yangu, tutaelewana tu. Twende ofisini tukae."

"Siendi ofisini. Nimetukanwa hapa, nitasafishwa hapahapa. Leteni pazia lenu moja."

Likaletwa. Bi Vidole akaivuta futi shingoni. Akapima la Ghala, kushoto, kulia, sawasawa. Akapima lake. "Kushoto ni refu kuliko kulia. Vidole vinne. Mmenunua mapazia ya namna hii nyinyi?"

"Inawezekana liliharibika kiwandani," mlinzi akasema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

"Kiwandani! Haya, na hiki?" Akakifungua kile kimlango, akakifunga kwa kifungo chake, akakifungua. "Hiki kifungo ni cha lebo? Baba, mimi nimeingia humu sasa hivi. Nikaiba pazia, nikatoboa, nikapiga pindo pande nne kwa uzi wa buluu, nikakata tundu la kifungo, nikalidarizi, nikatia kifungo, yote nimesimama kwenye foleni yenu? Kama ni hivyo niajirini, kiwanda chenu kinachelewa."

Foleni ikaangua kicheko. Ileile iliyosonya! Mwanamke aliyesogeza mkoba ndiye aliyecheka kuliko wote. Bi Vidole akamtazama mpaka kicheko kikamkauka.

"Sasa, mama yangu," mkubwa akauliza, "hiki kimlango ni cha nini?"

"Muulize yeye."

Kitinda alikuwa ameshasogea. Alikuwa ameshika pindo la kushoto kwa mkono mmoja, na mkono mwingine umo ndani ya kile kimlango, unapapasa, unatafuta kitu ambacho hakikuwapo pale lakini kilikuwa kikisubiri ukutani kwake.

"Mita," akasema. "Ni mita yangu. Hili ni dirisha langu la sebuleni." Akaanza kulia, akajifuta machozi, akagundua anajifutia pazia lenyewe, akazidi kulia.

Hapo mkubwa akageuka asali. Ilikuwa hitilafu ndogo, samahani sana, Ghala inawathamini wateja wake, na kwa kuonyesha hivyo mama atapewa kadi ya kununua chochote anachotaka kwa nusu bei mwezi mzima. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kadi akaitoa mfukoni kweli. Bi Vidole aliikunja futi yake polepole akairudisha shingoni. "Mpe huyo bwana mwenye simu," akasema, "amefanya kazi sana leo." Mlinzi yeye alivua kofia, akasema pole kama mtu, bila kadi. "Wewe sina neno nawe," Bi Vidole akamjibu. "Wewe hukunijua."

"Na haya mapazia, jozi nne," dada wa mashine akauliza, maana foleni ilikuwa inasubiri, "mnachukua au hamchukui?"

Kitinda akayatazama. Haukuwa muda mrefu, mtu mwingine asingeuona. Kisha akasema, "Hatuchukui." Lakini Bi Vidole alikuwa ameuona.

Njiani Kitinda ndiye aliyebeba mkoba, ingawa hakupewa, aliuchukua tu kaunta. Alizungumza bila kukoma. Nisamehe Mama, nilichanganyikiwa Mama, chapa zilikuwa zinafanana, na watu wote walikuwa wananitazama.

"Walikuwa wananitazama mimi," Bi Vidole akasema. Akapanda ngazi mbele yake mpaka ghorofa ya pili, mlangoni mwa flati.

Ndani, alipanda juu ya kiti, akang'oa misumari mmoja mmoja, akalivuta lile shuka likaanguka. Akalipitisha pazia kwenye bomba la mapazia lililokuwa juu ya dirisha, akalinyoosha kwa viganja. Kushoto likashuka na dirisha lilivyoshuka, likagusa ukingo wa chini bila kulala wala kuning'inia. Kulia, kile kimlango kikaikaa mita sawasawa. Kitinda akaenda akakifungua kifungo. Namba za mita zikawaka kijani mle ndani. Akakifunga tena, akabaki amesimama hapo, kipaji cha uso kimegusa kitambaa.

"Kaa basi, Mama. Nakutilia chai. Nakuomba."

Bi Vidole alishuka kitini kwa kushikilia ukuta. Alifuta alama za miguu yake kwenye kiti kwa kiganja. Mtu angetazama angesema hasira zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimehama tu, zimewaacha watu wa Ghala na kaunta yao, zimekuja kukaa humu sebuleni, na hazikuwa na mtu mwingine wa kukaa naye isipokuwa huyu mmoja, ambaye Bi Vidole alimpenda kuliko watu wote.

"Yule mlinzi alikuuliza kama unanijua," akasema. "Aliuliza kwa adabu kabisa, na jibu lilikuwa neno moja. Wewe ukanigeukia ukaniuliza mimi."

"Mama..."

"Ngoja. Madirisha matatu yaliyobaki nitakushonea, kwa sababu mimi ni fundi na kazi siiachi nusu. Lakini siku nyingine mtu akikuuliza mimi ni nani, usinigeukie mimi. Mgeukie yeye."

Akaingia vyumba vingine kupima, peke yake, kwa viganja, huku Kitinda amesimama mlangoni na birika mkononi. Chai hakunywa siku ile.